Mkanda wa Kupima Hofu

Binti yangu Ndila hakuwa akiogopa hesabu. Naanza hapo kwa sababu mwaka huu watu wengi wamenieleza habari za mtoto wangu, wenye shahada na wasio nazo, na karibu wote walikosea. Alikuwa na miaka mitano na miezi kumi, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, amebakiza muhula mmoja aingie Grade One, na akikaa nami saluni alihesabu kila kitu kilichothubutu kutulia mahali pamoja. Alihesabu rollers, vibanio na wanawake waliosubiri zamu. Siku moja alimhesabia mteja mvi, akafika ishirini na nane kabla sijamfukuza.

Saluni yangu iko Mwiki, upande wa Ruiru, chumba cha mabati kati ya muuza kuku wa broiler na fundi wa simu. Jina langu ni Nzilani, lakini mtaani ukiuliza Nzilani watakutazama tu. Mimi ni Mama Ndila. Nasuka. Nikikusuka lines za kurudi nyuma leo, wiki tatu baadaye bado unaonekana umetoka kwangu asubuhi. Wanawake hupanda kutoka Kahawa Sukari, kwenye saluni za vioo na viyoyozi, kuja kukaa kwenye kiti changu cha plastiki, na sababu ni hiyo.

Sasa sikia walichonifanyia.

Shule ya Ndila ni ya binafsi, na mwenyewe ndiye mwalimu mkuu, bwana mmoja anaitwa Gachau. Mwezi wa tisa alitutumia fomu ya kurasa mbili, Kiingereza kitupu, kwamba watafiti wa chuo kikuu wangekuja kupima hisia za watoto wakicheza michezo ya kujifunza namba kwenye tablet. Mtoto angevishwa mkanda kichwani, mkanda usome mawimbi ya ubongo, na kompyuta iseme kama anafurahi, ametulia au anaogopa. Niliisaini nikiwa nimeilaza kwenye paja la mteja. Halafu Jumamosi jioni Gachau akaandika kwenye group ya wazazi: wageni wanakuja Jumatatu, watoto wote waje nadhifu.

Mama yeyote wa Mwiki anajua maana ya nadhifu. Mvulana ananyolewa. Msichana anasukwa upya.

Jumapili baada ya kanisa mlango wangu ulijaa. Kutoka saa saba mchana hadi saa moja jioni nilisuka wasichana wanane wa darasa hilo, Ndila akiwa wa mwisho. Niliwakaza vizuri, maana mgeni anapokuja huwezi kumpelekea mtoto mwenye nywele zinazocheza. Na Ndila nilimkaza kuliko wote. Yeye ni binti wa msusi, kichwa chake ndicho bango langu. Alisema, "Mama, inauma." Nilimgonga begani na kichana nikamwambia avumilie, kama mamangu alivyonigonga mimi kule Matuu, na kama alivyogongwa yeye. Usiku ule alilala kifudifudi. Asubuhi macho yalikuwa yamevutwa kama mtu aliyeshtushwa, na kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, vilikuwa vimetoka vipele vidogo vyeupe. Nilivipaka mafuta nikamvalisha soksi safi.

Wiki mbili baada ya watoto kupimwa, Gachau alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, langoni, mahali ambapo kila mzazi na kila mtu wa bodaboda angeiona. Majina ishirini, kila jina na rangi yake. Kijani ni furaha, manjano ni utulivu, nyekundu ni hofu. Chini yake aliandika kwamba utafiti umeonyesha wasichana wa darasa hilo wanaogopa namba, na shule itachukua hatua. Jina la Ndila lilikuwa la mwisho, nyekundu tupu.

Hatua yenyewe ilikuwa hii: wasichana wanane walihamishiwa meza ya nyuma, wahesabu vizibo vya chupa hadi tano, kila siku, polepole, huku mwalimu akiwaongelesha kwa sauti ya mtu anayemwuguza mgonjwa. Na Ndila, kwa kuwa alikuwa mwekundu kuliko wote, angerudia PP2. Barua ilikuja kwenye begi lake, imekunjwa ndani ya kitabu cha kupaka rangi. Wenzake wangeingia Grade One mwezi wa kwanza, yeye abaki.

Nilirudi kwenye ule ubao kesho yake. Nilikwenda kwa hasira, nitafute jina la kumkabili nalo Gachau, mtoto wa rafiki yake aliyependelewa, kitu kama hicho. Nilisoma wale wekundu mmoja mmoja, na nilipofika wa tano nikaacha kutafuta. Niliwajua. Hawakuwa tu watoto wa mtaa wangu, walikuwa wateja wangu wa Jumapili ile, wote wanane, bila kupungua hata mmoja. Wavulana wote kumi na mmoja, vichwa vimenyolewa, walikuwa kijani na manjano. Msichana wa tisa, Ngina, alikuwa kijani. Ngina alikuwa amenyolewa kipara mwezi huo kwa sababu ya mashilingi, yale mabaka ya ngozi ya kichwa.

Kwa hiyo mkanda haukupima hofu ya namba. Ulipima mikono yangu.

Sitasema nilijisikiaje, kwa sababu sikujipa nafasi ya kujisikia. Mtu akiwa na hasira na nafsi yake hutafuta haraka wa kumgawia. Niliingia ofisini kwa Gachau nikiwa na aproni yenye nywele za watu. Nilimweleza taratibu kadiri nilivyoweza: watoto walisukwa siku moja kabla ya kupimwa, walikuwa na maumivu, hata kutabasamu kulikuwa kunavuta ngozi. Nilimwomba aondoe karatasi na afute ile barua. Alinisikiliza akiwa anafungua na kufunga kofia ya kalamu. Akaniambia mashine ile imetoka ng'ambo, kwamba watafiti wana degree mbilimbili, na kwamba shule yake ilichaguliwa kati ya nyingi. Alilolikwepa ni kwamba mradi ungemwachia tablet ishirini ukiisha. Hilo nililijua kwa mwalimu wa darasa. Kisha akatabasamu.

"Mama Ndila, wewe shughulika na nje ya kichwa. Ya ndani tuachie sisi."

Nilitoka bila kumjibu, na wanaonijua watakuambia hiyo si kawaida yangu. Kama ningefungua mdomo dakika ile, Ndila asingekuwa na shule ya kurudia wala ya kuendelea nayo.

Namba ya mtafiti ilikuwa kwenye ile fomu. Nilipiga siku nzima mpaka ikashikwa. Alikuwa msichana mdogo, anaitwa Kui, anasomea digrii ya pili na amepanga chumba Kahawa Sukari. Alishtuka kusikia matokeo yamebandikwa langoni. Alisema ile ilikuwa ripoti ya awali, ya shule kujua tu. Nikamwambia kama kweli ameshtuka aje Mwiki na mashine yake, aniambie usoni kwamba mwanangu ni mwoga.

Alikuja Jumatano na begi mgongoni, nywele zake fupi za asili, hazijasukwa. Alianza na "Sasa mum," na maelezo marefu ya mawimbi na masafa, na mimi nikamwonyesha kiti. Nikamwambia avae mkanda wake na awashe kompyuta yake aiweke pale mbele ya kioo. Aliwasha. Mstari ulikuwa wa kijani, unapanda na kushuka bila haraka. Halafu nikashika kichana na nikamsuka lines nne mbele, kutoka kwenye paji kwenda utosini, nikizipitisha chini ya mkanda, na nikamkaza sawasawa na nilivyomkaza mwanangu. Nilipomaliza ya pili machozi yalimtoka, na bado alikuwa anacheka kwa aibu. Nilipomaliza ya nne nikamvutia kompyuta karibu.

Ilikuwa nyekundu.

"Kwani unaogopa hesabu?" nilimwuliza.

Hakucheka tena. Alibofya hapa na pale, akapanua mistari. Mimi nilikuwa naendelea kuongea. Nilimwambia yote, ya meza ya nyuma, ya vizibo, ya barua. Mwishowe akanionyesha kwa kidole mawimbi madogo yaliyosongana kama meno ya kichana. Alisema hiyo si akili, ni misuli ya paji. Ngozi ikivutwa misuli inakaza, na misuli ina kelele kuliko ubongo. Mkanda unasikia kelele na programu inaiita hofu.

"Kwenye fomu tuliuliza kuhusu dawa," alisema. "Usingizi, kifafa, kama mtoto amekunywa chai asubuhi. Nywele hatukuuliza."

"Kui, wewe umesukwa tangu ukiwa mtoto. Wewe mwenyewe una kichwa. Hukukumbuka?"

Aliangalia chini. "Nilikumbuka, mum. Niliona tu ni kitu ndogo ya kupeleka kwa supervisor. Nilidhani watanicheka."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli kweli. Gachau hajawahi kusukwa, Gachau ni mpumbavu wa kawaida. Huyu alijua. Alikaa mbele ya watoto wanane ambao macho yamevutwa mpaka masikioni, naye aliwahi kulala kifudifudi Jumapili usiku kama wao, na akaona aibu kulisema. Nilimfumua zile lines nne, na sikumfumua kwa upole. Lakini kabla hajaondoka aliahidi atampima Ndila tena, na kama matokeo yangekuwa mengine, angemwandikia Gachau barua yeye mwenyewe. Nilikubali. Kupimwa tena ndiyo ilikuwa njia yangu yote ya kumwingiza mwanangu Grade One, na niliishika kwa mikono miwili.

Ilichukua siku nyingine kumi kupata nafasi. Siku hizo zote Ndila aliendelea kwenda shule na kukaa meza ya nyuma. Watoto walishaiita meza nyekundu. Mimi nilikuwa na kazi: kumfumua, kumwosha, kumchana taratibu, kuacha ngozi ipumzike, kuwapigia akina mama wengine saba niwaeleze. Wawili walinitukana, na sikuwalaumu. Kila jioni nilimwambia Ndila kwamba tutawaonyesha. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nilidhani amechoka na shule tu.

Jumamosi ya kupimwa tulikwenda Thika, kwenye ofisi ya mradi, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Gachau alikuwa amefika kabla yetu, na suti, kwa sababu hakutaka jambo lolote la tablet zake lifanyike bila yeye. Alinisalimia kama mtu anayemsalimia mgonjwa wa akili. Kui alimvalisha Ndila mkanda, akahakikisha vidude vya chuma vimegusa ngozi, akamwuliza kama kuna mahali panauma. Ndila alisema hapana. Nywele zake zilikuwa zimesimama wazi, laini, hakuna hata uzi mmoja uliofungwa.

Mchezo ulikuwa ule ule wa mwanzo. Namba inatokea juu, na mtoto anaingiza vifaranga bandani kwa kidole mpaka watimie. Ikatokea saba.

Ndila hakugusa kitu. Alikuwa amekalia mikono yake. Alimtazama Gachau, akanitazama mimi, akamtazama Gachau tena, kisha akatoa mkono mmoja akaingiza kifaranga kimoja na kuurudisha mkono chini ya paja haraka. Akamtazama Gachau. Akaingiza cha pili. Alifika cha tano, akaacha.

"Endelea, mum," Kui alimwambia Ndila kwa upole.

"Sisi huishia tano," Ndila alisema.

Nilitazama kompyuta. Nyekundu.

Kui alipanua mistari, akatafuta yale mawimbi madogo ya misuli. Hayakuwapo. Alirekebisha mkanda akarudia, na ikawa vilevile. Alisema kwa sauti ya chini kwamba safari hii kelele hakuna, mkanda umekaa vizuri, na anachokiona ni hofu. Gachau aliegemea kiti, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa chai.

"Unaona sasa, Mama Ndila? Science haina ubaya na mtu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanangu, na nilikuwa sihitaji mashine. Niliyaona mabega yake. Mtoto aliyehesabu mvi za watu wazima alikuwa anaomba ruhusa ya kupita tano. Na nikakumbuka jioni zote kumi na nne, ishirini, zilizopita, nilivyokuwa nikipiga simu, nikibishana, nikipanga maneno ya kumwambia Gachau, na mtoto ameketi pembeni kimya, hahesabu kitu, nami sikugeuka hata mara moja kujiuliza kwa nini saluni imetulia hivyo.

"Ni kweli," nilisema. "Anaogopa."

Gachau alifungua mdomo, nikamnyooshea mkono aufunge.

"Hofu ya kwanza ilikuwa yangu. Niliifunga mimi kwa mikono hii, na nimeifumua. Hii ya leo ni yako, mwalimu. Ulimbandika langoni ukamwambia yeye ni mwoga, ukamweka nyuma wiki tatu umfundishe woga, na ni mtoto mwerevu, amejifunza. Sasa mfumue na wewe tuone."

Chini dukani mtu alikuwa anaangusha magunia. Kisha Kui akasimama. Alitoa ile fomu kwenye faili, ile niliyoisaini bila kuisoma, akaigeuza ukurasa wa pili, akamsomea Gachau aya ya nne. Ilisema matokeo ya mtoto yeyote hayatatangazwa, wala hayatatumika kumpandisha darasa, kumrudisha, au kumtenga na wenzake. Gachau pia alikuwa ameweka sahihi, chini kabisa, na muhuri wa shule. Kui alisema Jumatatu angepeleka chuoni taarifa ya yote mawili, kosa lake la nywele na hili la ubao, na kwamba chuo kikiisoma, mradi huenda ukahamia shule nyingine, na vifaa vyake.

Gachau alisoma aya ile mara mbili. Aliivaa miwani akaivua. Akaanza kusema mambo ya kutoelewana, na nia njema, na watoto wetu sote. Mwisho akasema sawa, karatasi itaondolewa leo hii, meza ya nyuma itavunjwa, na Ndila ataingia Grade One na wenzake. Nikamwambia aandike. Aliandika pale pale, kwa ile kalamu yake ya kofia, nami nikasimama juu ya bega lake mpaka akaweka tarehe. Nilikunja karatasi nikaitia ndani ya sidiria, nikamvua mwanangu mkanda mwenyewe. Kui alisema, "Pole, mum." Sikumwitikia, ingawa alistahili kuitikiwa.

Nilikuwa nimepata nilichokiendea. Tulishuka ngazi, Ndila amenishika kidole, nami nikampa habari ile kwa sauti ya sherehe: meza nyekundu imekwisha, mwezi wa kwanza ni Grade One, yeye na Ngina na wote. Alisimama ngazi ya katikati.

"Teacher alisema mimi naogopa," alisema. "Na ile mashine imesema. Na wewe umesema."

"Ee, mama," nilimjibu.

"Nitaacha lini?"

Nilikuwa na maneno ya kumtosha Gachau, na yakabaki ya Kui, na ya kupeleka chuo kikuu kizima. Nilitafuta ya kumpa yeye, pale kwenye ngazi, watu wakitupita na mifuko ya mbegu. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui.